Setilaiti za Mawasiliano na Kazi ya Baharia

(Hotuba ya Kamati ya Elimu iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mombasa)



Sisi wa Kamati ya Elimu tumeombwa tueleze habari za setilaiti za mawasiliano: ni vyombo gani, vyafanyaje kazi, na vyatumika kwa mambo gani. Huenda mwanachama akauliza, chama cha wafanyakazi kina haja gani na vitu vilivyo huko juu? Shughuli ya chama ni mishahara, saa za kazi na usalama.

Jibu letu ni hili. Hapana meli kubwa itokayo Kilindini kwenda ng'ambo siku hizi isiyofungwa kamba na setilaiti. Kamba hiyo haionekani kwa macho, lakini ndiyo inayoita msaada meli ikizama. Ndiyo inayoleta amri za mwenye meli kwa nahodha. Ndiyo inayoweza kumfikishia baharia sauti ya mtoto wake. Na kamba hiyo hiyo imewatoa kazini wenzetu wengi. Basi, nani aishike kamba hiyo na kwa masharti gani, hilo ni jambo la chama.

SETILAITI NI KITU GANI?

Kila baharia amepata kuona taa ya mnara ikizama nyuma ya upeo wa bahari. Si kwamba taa imefifia. Dunia ni mviringo, na mgongo wa bahari umeiziba. Mawimbi ya redio ni jamaa ya mwangaza, nayo mengi huenda moja kwa moja kama mwangaza wa taa. Ndiyo sababu redio ya VHF iliyo katika chumba cha usukani husikika maili chache tu, kisha kimya.

Zamani watu walipata hila. Mawimbi mengine ya redio hupanda juu, yakagonga tabaka za anga, yakarudi chini mbali sana. Kwa njia hiyo simu ya upepo ilivuka bahari. Lakini tabaka hizo hazikai hali moja. Mchana hivi, usiku vile, na jua likichafuka huweza kupita siku nzima pasipo kusikilizana.

Dawa ya taa isiyofika mbali ni kuinua mnara. Setilaiti si kitu kingine ila mnara ulioinuliwa juu sana, hata ukaona zaidi ya theluthi ya uso wa dunia kwa mara moja. Yenyewe haina maneno yake. Husikia neno lililotumwa kutoka chini, hulitia nguvu kwa maana limefika likiwa dhaifu mno, hulibadilisha wimbi ili sauti inayotoka isiizibe ile inayoingia, kisha hulirudisha chini. Ni kama mtu aliyepanda mlingotini, akisikia neno la mtu wa omo na kulipaaza kwa mtu wa tezi. Hazidishi neno wala hapunguzi.

KWA NINI HAIANGUKI?

Ukweli ni kwamba inaanguka siku zote. Lakini imerushwa kwa kasi kubwa hata kila inapoanguka kidogo, dunia nayo imejipinda kidogo chini yake. Hivyo huzunguka bila kufika chini, na haihitaji injini ya kuisukuma.

Iliyo karibu huzunguka upesi. Iliyo mbali huzunguka polepole. Setilaiti iliyo kilomita 550 hivi juu yetu huimaliza dunia nzima kwa muda wa saa moja na nusu na dakika chache. Lakini ukipanda mpaka karibu kilomita 36,000, juu ya mstari wa Ikweta, utafika mahali ambapo mzunguko mmoja huchukua muda ule ule ambao dunia hujigeuza mara moja. Setilaiti iliyo hapo yaenda na dunia, bega kwa bega. Kwa mtu aliye chini yaonekana imesimama mahali pamoja usiku na mchana, naye aweza kuelekeza dishi lake huko asiliguse tena.

Jambo hili lilielezwa mwaka 1945 na Mwingereza Arthur C. Clarke katika gazeti la mafundi wa redio. Alionyesha kwamba setilaiti tatu zilizowekwa mbalimbali juu ya Ikweta zaweza kuunganisha karibu dunia nzima. Hazifiki kwenye ncha za kaskazini na kusini tu, kwa maana huko huzama chini ya upeo.

Njia hiyo ya mbali ina gharama yake. Neno likipanda na kushuka limekwenda zaidi ya kilomita 70,000. Redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, basi neno lachelewa robo ya sekunde, na ukingojea jibu ni nusu sekunde. Ndiyo maana watu wanaosema kwa simu ya namna hii hukatizana maneno. Si utovu wa adabu, ni umbali.

Nguvu zake hutoka katika jua, kwa mabamba ya sola. Karibu na mwezi wa Machi na wa Septemba setilaiti hiyo hupita katika kivuli cha dunia kila siku, kwa muda usiozidi dakika 72, na hapo hutumia betri. Tena ina mafuta kidogo, si ya kusafiri, bali ya kujirudisha mahali pake mwezi na jua vinapoivuta pembeni. Mafuta yakikaribia kwisha, baada ya miaka kama 15, husukumwa juu kidogo iwapishe nyingine. Huko hapana gati la kutia mafuta.

KUTOKA LAGOS HATA MELINI

Mwezi wa Julai 1963 Marekani ilirusha setilaiti iliyoitwa Syncom 2. Tarehe 23 Agosti mwaka huo Rais Kennedy alisema kwa simu kupitia setilaiti hiyo na Waziri Mkuu wa Nigeria, Sir Abubakar Tafawa Balewa. Ndugu, dishi lililopokea mazungumzo hayo upande wa Afrika halikuwa katika jumba lolote la nchi kavu. Lilikuwa juu ya meli, iliyoitwa Kingsport, iliyotia nanga katika bandari ya Lagos. Twalitaja hili ili mtu asidhani kwamba baharia ni mgeni katika habari hizi. Alikuwapo tangu mwanzo.

Mwaka 1965 ilirushwa Early Bird, setilaiti ya kwanza ya biashara juu ya Atlantiki. Iliweza kupitisha mazungumzo 240 ya simu kwa wakati mmoja. Huku kwetu kituo cha Longonot, katika Bonde la Ufa, kilifunguliwa mwaka 1970, na simu za Kenya za kwenda ng'ambo zikaanza kupanda angani. Kabla ya nyaya mpya za chini ya bahari kutua Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya nayo ilikwenda nje kwa njia ya setilaiti. Leo nyaya ndizo zinazobeba mzigo mkubwa. Lakini uzi hauwezi kufungwa kwa meli inayotembea. Baharini setilaiti haina mpinzani.

Huduma ya setilaiti kwa meli ilianza mwaka 1976. Mwaka 1979 mataifa yalianzisha kwa mkataba shirika la pamoja, Inmarsat, nalo likaanza kazi mwaka 1982. Lile kuba jeupe mnaloliona juu ya meli lina dishi ndani yake. Meli ikiyumba, mitambo hulirudisha dishi liendelee kuitazama setilaiti ile ile, kama dira inavyobaki shwari chombo kikilala upande.

BOYA LINALOLIA LENYEWE

Matumizi makubwa kuliko yote ni kuokoa roho. Mwaka 1982 mtambo uitwao Cospas-Sarsat ulipata kuwaokoa watu kwa mara ya kwanza, abiria wa ndege ndogo iliyoanguka Canada. Ulianzishwa na Marekani, Urusi ya Kisovieti, Canada na Ufaransa, wakati ambapo wakubwa hao hawakuwa wakisikizana kwa mengi. Tangu hapo umesaidia kuwaokoa watu zaidi ya 50,000, nchi kavu na baharini.

Kazi yake ni hii. Katika meli kuna boya dogo, EPIRB. Meli ikizama, maji hulifungua kutoka kifungo chake kabla halijafika chini ya mita nne, likaelea na kuanza kulia kwa redio. Sauti hiyo yabeba nambari ya boya, na nambari hiyo ikiwa imeandikishwa, waokoaji wajua ni meli gani. Mahali hujulikanaje? Maboya mengi siku hizi hutaja yenyewe mahali yalipo. Tena setilaiti inayopita chini huweza kupambanua kwa jinsi sauti inavyobadilika, kama king'ora cha gari kinavyolia kwa wembamba kikija na kwa unene kikienda. Huduma hii haitozwi senti moja.

Lakini boya lina betri, na betri ina tarehe. Kifungo cha kuliachilia kina tarehe pia. Setilaiti yaweza kuwa nzima huko juu, na watu wakafa kwa sababu ya kitu kidogo kilichopita siku zake hapa chini. Kwa hiyo twasema: baharia akisoma tarehe ya boya kabla ya kung'oa nanga, hafanyi ujeuri. Anafanya kazi yake.

Kuna na kitufe cha siri, ambacho sheria ilikileta tangu mwaka 2004. Maharamia wakiingia melini, mtu hukibonyeza, na habari huenda kwa setilaiti mpaka kwa wakuu wa nchi kavu, pasipo kelele yoyote melini. Sisi wa pwani hii twajua thamani yake. Meli ya Faina, iliyokuwa ikija Mombasa, ilitekwa Septemba 2008, na watu wake walikaa mikononi mwa maharamia hadi Februari 2009.

ALIYEONDOKA NA MZIGO ULIOBAKI

Sasa tuseme habari ya kazi. Kwa miaka mingi kila meli kubwa ilikuwa na afisa wa simu ya upepo. Saa ya chumba chake ilikuwa na alama nyekundu za dakika tatu, mara mbili katika kila saa. Katika dakika hizo kila mtu alinyamaza akasikiliza, asije akawapo mtu anayeomba msaada kwa sauti dhaifu. Ilikuwa kazi ya ujuzi na ya heshima.

Mwaka 1992 mataifa yalianza mpango mpya wa kuomba msaada baharini, uitwao kwa herufi zake GMDSS, nao ukatimia tarehe 1 Februari 1999. Setilaiti na mitambo ya kujilia yenyewe ilichukua mahali pa kusikiliza kwa masikio. Tangu siku hiyo meli haikulazimika tena kuwa na afisa wa simu ya upepo.

Je, chama kingepinga setilaiti? Hasha. Hatuwezi kupinga kitu kinachookoa roho. Lakini tazameni kazi ile ilikwenda wapi. Haikutoweka. Ilihamia juu ya mabega ya maafisa wa usukani, ambao sasa hushika zamu ya meli, hutunza karatasi, na kusimamia mitambo ya mawasiliano pia. Mtu mmoja aliondoka, mzigo ukabaki.

Fundisho ni kwamba mtambo mpya ukija, maswali yaulizwe kabla haujafungwa: nani atafanya kazi iliyobaki, kwa saa ngapi, kwa mshahara gani, na yule anayetolewa atafundishwa kazi gani nyingine? Ukingoja mpaka mtambo ufungwe, unaongea na chuma.

KAMBA YA KWENDA NYUMBANI

Setilaiti za namna mpya zimekuja, zinazoruka chini, kwa maelfu, zikipokezana moja baada ya moja. Starlink ni ya aina hiyo, nayo ilianza kutoa huduma Kenya mwaka 2023. Kwa kuwa ziko karibu, neno halicheleweshwi sana, na baharia aweza kuonana uso kwa uso na jamaa zake akiwa katikati ya Bahari ya Hindi. Ni neema kubwa. Mtu wa miezi tisa baharini asiyesikia habari za kwao, moyo wake huugua.

Lakini dishi ni la mwenye meli, na neno la siri la kufungulia liko mikononi mwa wakubwa. Kamba moja yagawanywa kwa watu wengi kama bomba moja la maji kwa nyumba nyingi, na ofisi hunywa kwanza. Haki yetu iko wapi?

Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, ulirekebishwa mwaka 2022, na marekebisho hayo yakaanza nguvu tarehe 23 Desemba 2024. Sasa mawasiliano ya baharia na watu wake yametajwa miongoni mwa huduma ambazo sharti ziwepo melini. Na mwongozo wa mkataba huo wasema kwamba mwenye meli awape mabaharia intaneti kadiri iwezekanavyo, na malipo, kama yapo, yawe ya kadiri. Angalieni vizuri, ndugu. Mwongozo si amri. Maneno kama “kadiri iwezekanavyo” ni mlango ulioachwa wazi, na mwenye meli aweza kuutokea. Wa kuufunga mlango huo ni sisi, kwa kuandika katika mapatano yetu ya kazi: saa ngapi kwa wiki, kwa bei gani, na kwamba kukatwa mawasiliano kusiwe adhabu.

Tena kuna hatari nyingine. Mwenye meli asiyelipa mishahara, halipi na bili ya setilaiti. Meli ikitelekezwa, mara nyingi sauti hukatika pamoja na chakula. Kwa hiyo kila baharia aondoke nyumbani na nambari ya chama na ya mkaguzi wa ITF, zimeandikwa katika karatasi, si katika simu peke yake. Wakaguzi hao wamo katika bandari nyingi, na karatasi haiishi betri.

ANGA NI LA NANI?

Neno letu la mwisho ni juu ya umiliki. Inmarsat iliyoanzishwa na mataifa iligeuzwa kampuni mwaka 1999, na mwaka 2023 ikanunuliwa na kampuni ya Marekani, Viasat. Wakati wa kuigeuza, mataifa yaliacha chombo cha kuangalia kwamba huduma ya kuomba msaada haitupwi kwa ajili ya faida. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, na haukuja wenyewe.

Hata njia ile ya juu ya Ikweta iligombewa. Mwaka 1976 nchi za Ikweta zilikutana Bogota, Kenya na Uganda zikiwamo, zikadai kwamba sehemu ya njia hiyo iliyo juu ya kila nchi ni mali yake. Wakubwa hawakukubali. Lakini malalamiko hayakupotea bure. Mkutano mkuu wa mataifa juu ya mawasiliano uliokaa Nairobi mwaka 1982 uliandika kwamba nchi zote zipate nafasi kwa haki, na haja za nchi zinazoendelea ziangaliwe. Baadaye kila nchi ilitengewa mahali pake katika njia hiyo. Walidai kizima wakapata kipande. Wangalinyamaza, wasingalipata hata hicho.

Basi Kamati yapendekeza haya matano:

1. Kila mwanachama ajue EPIRB ya meli yake iko wapi, na asome tarehe zake kabla ya safari.

2. Vijana wetu wapate mafunzo ya cheti cha mitambo ya GMDSS, na chama kidai mwenye meli achangie gharama.

3. Saa na bei ya intaneti ya mabaharia ziandikwe katika kila mapatano mapya.

4. Mtambo wowote mpya wa mawasiliano ukiletwa melini, chama kipewe habari mapema, ili ugawaji wa kazi uzungumzwe kwanza.

5. Nambari za chama na za ITF zibandikwe penye ubao wa matangazo, nasi tutazichapa katika kila toleo la barua hii.

Ndugu zetu, setilaiti ni mtumwa asiyechoka. Hupeleka sauti ya anayezama, na hupeleka amri ya anayenyonya, yote kwa uaminifu ule ule. Haichagui. Wa kuchagua ni watu walio chini, na watu wasiosema pamoja huchaguliwa na wengine.

Maswali yaletwe kwa Kamati kila Jumamosi ofisini.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Elimu